Umbo la tundu halitoshi

Eti simu yoyote yenye tundu la Type-C ukiichomeka kwenye skrini inageuka kompyuta. Si kweli, na watu watapoteza hela. Tundu lazima liwe linapitisha DisplayPort, yaani mawimbi ya picha ya kwenda kwenye skrini: Samsung Galaxy S10 inapitisha na ina DeX, mfumo wa Samsung unaoipa simu sura ya kompyuta kwenye skrini, Galaxy A54 haipitishi, hata ununue habu ya kawaida (kifaa cha kuchomeka vitu kadhaa kwenye tundu moja) ya bei gani, skrini itabaki nyeusi. Waya nao uangaliwe, maana ule wa kuchajia mara nyingi ni USB 2.0, aina ya zamani, haubebi picha. Habu iwe na HDMI (tundu la waya wa skrini au TV) na tundu la kuingizia chaja. Bila chaja simu ndiyo inalisha umeme kibodi, mausi na habu yenyewe, inachemka na chaji inakwisha haraka. Nani amepata habu inayotoa 4K (picha kali sana) kwa hezi 60, yaani picha 60 kwa sekunde, bila picha kukatika?