Kitunguu kinavuka, hukumu inabaki Namanga

Binamu yangu analima vitunguu Mang'ola. Mwaka juzi alimpa mnunuzi wa Nairobi fuso nzima kwa mali kauli. Gari likavuka, pesa haikurudi. Akashtaki Arusha, akashinda. Hukumu anayo: kurasa 11, muhuri wa buluu, ndani ya bahasha ya kaki iliyolegea kwa kufunguliwa kila mgeni akija. Dalali wa mahakama alimwambia taratibu, "Kaka, mimi mwisho wangu Namanga."

Njia ipo, tusidanganyane. Sheria ya Kenya ya 1984 inazitambua hukumu za fedha za Tanzania, Uganda, Rwanda, Malawi, Zambia, Shelisheli, Australia na Uingereza. Unaiomba Mahakama Kuu ya Kenya iisajili, ndani ya miaka 6, kisha unaikaza, yaani unaitekeleza, kama ya kwao. Ila kuomba huko ni wakili wa Nairobi, viapo, nakala zilizothibitishwa na nauli. Deni lenyewe la vitunguu!

Na huyu ana nafuu. Burundi na Congo, wanachama wenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hawamo kwenye orodha hiyo. Mwenye hukumu ya Bujumbura akimfuata mdeni wake Nairobi itabidi afungue kesi upya, hukumu yake ikiwa ndiyo msingi wa dai. Mlango huo Mahakama ya Rufani ya Kenya iliukubali mwaka 2016. Australia ndani, Burundi nje. Orodha nzima ni ya Jumuiya ya Madola, si ya Afrika Mashariki.

Umoja wa Ulaya ulishavuka hapo. Tangu Januari 2015 mshindi wa kesi ya madai anabeba cheti cha mahakama yake na kukaza hukumu nchi nyingine mwanachama, bila mahakama ya huko kuibariki kwanza. Mdeni bado anaweza kupinga, mathalani kama hakupelekewa wito. Hilo naliunga mkono; kuhukumiwa bila habari ni balaa.

Kinachonikera ni hiki: Mahakama ya Afrika Mashariki iko Arusha hiyohiyo. Ibara ya 44 ya Mkataba wa Jumuiya imeshaipa njia, amri zake za malipo zitekelezwe kwa taratibu za nchi mwanachama husika. Kwa nini mkulima naye asipewe cheti kimoja cha Jumuiya, hata tukianza na madeni ya biashara tu?

Binamu ameshapiga hesabu zake. Msimu huu anauza taslimu, palepale shambani, kwa bei ya hasara.