Draiva za laptopu ndogo zinamhitaji mwenye mashine mkononi

Chukua GPD Pocket, laptopu ya inchi 7 iliyotoka China mwaka 2017, uiwashe kwa Linux ya wakati ule, mfumo endeshi huria unaotumika badala ya Windows. Maandishi yote yanalala ubavu, mpaka upinde shingo ndipo usome. Kioo hakina ubovu wowote. Ni kioo cha kusimama wima kama cha simu, nukta 1200 kwa 1920, kilicholazwa ndani ya mfuniko wa laptopu. Windows iliyokuja na mashine ilishapangwa kiwandani ikigeuze. Linux haikuwa na wa kuipanga.

Dawa yake imo ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, kwenye faili liitwalo drm_panel_orientation_quirks.c. Ni jedwali tu: mashine fulani, kioo cha vipimo fulani, kigeuzwe upande fulani. Kazi ilikuwa kuitambua hiyo mashine. Kila kompyuta hubeba ndani ya BIOS, programu ya kwenye bodi inayoiwasha mashine, jina la aliyeitengeneza na jina la modeli, lakini GPD Pocket, mahali pa jina la modeli, imeandikwa "Default string". Kiwanda hakikujaza. Hans de Goede, mhandisi Mholanzi aliyekuwa kwenye kampuni ya Linux ya Red Hat wakati huo, akaunganisha alama ndogondogo: bodi inayojiita "AMI Corporation", ile "Default string" inayojirudia kwenye bodi na kwenye modeli, vipimo vya kioo, na tarehe za BIOS kama 05/26/2017 na 06/28/2017. Alama moja haitoshi, zote kwa pamoja zinatosha. Feni ya mashine hiyohiyo nayo ikapata draiva yake ndogo, yaani programu ya kuendesha kifaa hicho, inayosoma joto la prosesa na kuongeza kasi kwa ngazi, kwa kawaida ikifika nyuzi 55, 60 na 65.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu mafundi wengi wa kwetu wakisikia habari za kutengeneza draiva wanadhani ni kazi ya mabingwa wachache wa Ulaya na Marekani. Ubingwa unahitajika, sikatai. Lakini kwa laptopu ndogo, sehemu kubwa ya kazi iliyobaki ni ya aina hii: kutambua mashine, kusoma ilivyounganishwa, kuongeza mistari michache, kujaribu, kujaribu tena. Na kujaribu hakuwezekani bila mashine yenyewe. Bingwa aliyeko Amsterdam hawezi kurekebisha laptopu ambayo hajawahi kuishika. Sisi tunazo mezani.

Laptopu hizi zina matatizo kuliko za kawaida kwa sababu nyingi zimeundwa kwa vipande vya tableti. Prosesa ni Atom, ile ndogo ya Intel, Waifai imepita kwenye njia ya SDIO, jamaa ya kadi za kumbukumbu, badala ya PCI ya kompyuta za kawaida, sauti na kioo cha kugusa vimeunganishwa kila kiwanda kwa mtindo wake. Vioo vya kugusa vyenye chipu ya Silead ni mfano mzuri. Chipu yake haina mahali pa kutunza programu yake ya ndani, kwa hiyo kila mashine inapowaka draiva huipelekea upya. Programu hiyo hutofautiana kati ya tableti na tableti, na vilevile vipimo vya mguso na upande uliogeuzwa. Ndiyo maana kerneli ina faili jingine, touchscreen_dmi.c, linaloorodhesha mashine moja moja. Ukitumia programu ya mashine nyingine, unagusa kulia mshale unaenda kushoto. Mashine isiyomo kwenye orodha, kioo chake hakisikii kidole kabisa.

Kuna mahali ambapo juhudi za mwenye mashine hazifui dafu, nako ni pale mtengenezaji wa chipu anapoficha nyaraka. Mwaka 2008 Intel walitoa chipu ya Poulsbo kwa ajili ya mashine ndogo. Grafiki yake, GMA 500, haikuwa ya Intel wenyewe, ilitoka PowerVR ya Uingereza, na draiva yake ya Linux ilikuwa na vipande vilivyofungwa, ambavyo msimbo wake haukutolewa. Toleo la Linux lilipobadilika, draiva ikabaki nyuma na watu wakabaki na mashine nzima zenye picha mbovu. Draiva huria ya kuonyesha picha iliingia kwenye sehemu ya majaribio ya kerneli mwaka 2011, kazi ya Alan Cox, tena bila kuongeza kasi ya 3D. Miaka mitatu kwenye maisha ya laptopu ya bei nafuu ni mingi mno. Namlaumu mtengenezaji hapo, na naona shule na serikali zinazonunua vifaa kwa wingi ziandike kwenye zabuni kwamba draiva ziwe tayari ndani ya kerneli kuu. Draiva inayopatikana kwenye tovuti ya kampuni kwa toleo moja tu la kerneli siihesabu kuwa draiva iliyokamilika.

Kwetu jambo hili lina haraka. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka angalau RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64. Laptopu ndogo za RAM ya GB 2 na hifadhi ya eMMC ya GB 32, ambazo wanafunzi wengi wanazo na ambazo maduka ya mitumba bado yanauza, haziwezi kuvuka. Linux nyepesi inaziweza kabisa kwa kuandika, kusoma na kujifunza programu. Lakini mwanafunzi akikuta Waifai haishiki na spika ziko kimya, hataki kusikia habari ya uhuru wa programu. Anaitupa kabatini, na ana haki.

Kwa hiyo wewe fundi unayepokea mashine hizi, kabla hujamwambia mteja kwamba Linux haiikubali, fungua folda ya /sys/class/dmi/id uone inavyojiita. Tazama dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli, inalalamikia nini. Tafuta kama ndugu yake, modeli inayofanana nayo, tayari yumo kwenye jedwali, unakili mistari yake na kubadilisha kinachohusu, ujenge kerneli, ujaribu. Ikifanya kazi, skripti ya get_maintainer.pl iliyomo kwenye msimbo wa kerneli itakuambia kiraka chako, yaani mabadiliko uliyoyafanya, kiende kwa nani. Tuma kwa barua pepe ya maandishi matupu, weka mstari wa Signed-off-by, wa kuthibitisha kuwa una haki ya kuitoa kazi hiyo, na jina unalojulikana nalo, ueleze kwa sentensi mbili tatu mashine ni ipi na ilikuwa na shida gani. Utaambiwa urekebishe nafasi au mpangilio wa mistari. Rekebisha, tuma tena. Kikishapokelewa, kila mwenye mashine kama hiyo ataipata kazi yako kwenye toleo la kerneli linalofuata, bila kukuuliza wala kukutafuta.