Mzigo wa Ushahidi Usimwelemee Aliyeumia

Jeshi linalompeleka kijana vitani huandika karibu kila kitu kumhusu: kituo alichopangiwa, tarehe aliyowasili, chanjo alizochomwa, kikosi alichotumikia. Kijana mwenyewe huondoka na karatasi chache mkononi. Hata hivyo, akija kuugua miaka mingi baadaye, ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba ugonjwa huo ulitokana na utumishi wake. Hilo ndilo ninalolipinga katika mfumo wa mafao ya wanajeshi wa zamani wenye ulemavu nchini Marekani, mfumo ambao kwa mengine nauheshimu, na ambao kila ulipotenda haki kubwa umefanya hivyo kwa kumtua mgonjwa mzigo huu.

Kwa kawaida mwombaji wa fidia hutakiwa kuonyesha mambo matatu: kwamba ana ulemavu sasa, kwamba kuna jambo lililompata akiwa jeshini, na kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Mawili ya kwanza huwezekana. La tatu ndilo linalowakwamisha wengi, kwa maana saratani haiji na maelezo ya ilikotoka, na daktari anayemtibu mtu leo hakuwapo kambini alikopumulia moshi. Watetezi wa mfumo watasema kwamba sheria inaitaka Idara ya Masuala ya Wanajeshi wa Zamani imsaidie mwombaji kutafuta ushahidi, na kwamba mizani ya ushahidi ikilingana, shaka humnufaisha yeye. Ni kweli, na ni kanuni nzuri. Lakini mizani hailingani pale ambapo upande mmoja hauna chochote cha kuweka.

Mfano mzito zaidi ni wa Vietnam. Kuanzia mwaka 1962 hadi 1971 ndege za Marekani zilinyunyiza zaidi ya lita milioni 70 za viuagugu juu ya misitu na mashamba ya nchi ile, nyingi zikiwa za aina iliyoitwa Agent Orange, ambayo ilikuwa na sumu ya dioksini. Askari walirudi nyumbani, na baadhi yao wakaanza kuugua saratani wakiwa bado watu wazima wa makamo. Ilibidi usubiriwe mwaka 1991 ndipo Bunge lipitishe sheria iliyoweka dhana rasmi: aliyetumikia Vietnam akipatwa na ugonjwa uliomo kwenye orodha, ugonjwa huo utahesabiwa kuwa umetokana na utumishi, bila yeye kuthibitisha kwamba tone fulani lilimwangukia siku fulani. Hata hapo, mabaharia waliokuwa kwenye meli karibu na pwani waliwekwa nje kwa hoja kwamba hawakukanyaga nchi kavu, wakasubiri hadi sheria nyingine ilipopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2020. Wengine walikuwa wameshazikwa.

Ungedhani somo hilo lingetosha. Nchini Iraki na Afghanistan taka za kambi zilichomwa kwenye mashimo ya wazi: plastiki, betri, rangi, taka za hospitali, vyote vikiwashwa kwa mafuta ya ndege. Waliolala karibu na moshi huo waliporudi na vifua vibovu, mengi ya madai yao yalikataliwa kwa kukosa ushahidi wa uhusiano. Tarehe 10 Agosti 2022 ndipo Rais Biden alipotia saini sheria ya PACT, iliyopewa jina la Sajini Heath Robinson, ambaye alifariki mwaka 2020 kwa saratani ya mapafu. Sheria hiyo iliongeza magonjwa zaidi ya 20 katika orodha ya dhana.

Wapo wanaolalamika kwamba dhana ya namna hii inamlipa hata mtu ambaye mapafu yake yameharibiwa na sigara. Nakubali kwamba hilo litatokea. Ila makosa hayaepukiki katika mfumo wowote, na swali ni nani ayalipie: hazina ya taifa, ambayo ndiyo iliyoamua kuwasha yale mashimo, au mgonjwa, ambaye hakuulizwa? Binafsi sioni ugumu wa kuchagua.

Na hata anayeshinda hukuta hesabu za ajabu katika asilimia ambazo idara hutumia kupima ulemavu na kupanga malipo. Mwenye ulemavu wa asilimia 50 kwa mgongo na 30 kwa goti hapati 80, kwa kuwa ile 30 huhesabiwa kwenye nusu iliyobaki ya uwezo wake, yaani 15. Hupatikana 65, nayo hukadiriwa kuwa 70. Ina mantiki yake, ingawa sijui nani angeieleza mbele ya mtu mwenye maumivu akabaki na heshima. Wategemezi nao hawaongezi kitu kwenye malipo hadi kiwango kifike asilimia 30.

Familia ndizo zinazoonyesha jinsi deni la vita linavyoishi muda mrefu. Irene Triplett, aliyefariki mwaka 2020 akiwa na miaka 90, alikuwa mtu wa mwisho kupokea pensheni ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vilivyokwisha mwaka 1865. Baba yake alipigana kwanza upande wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga, kisha upande wa serikali ya Muungano, akampata binti huyo uzeeni. Na kwa sababu ya ulemavu wake, binti aliendelea kulipwa dola 73.13 kwa mwezi hadi kifo chake.

Mjane wa leo hana njia rahisi kiasi hicho. Fidia yake ya kila mwezi, ambayo sasa inazidi dola 1,600, hutolewa ikiwa mume alikufa kwa ugonjwa unaohusishwa na utumishi. Vinginevyo, kwa wengi hutakiwa marehemu awe ametambuliwa kuwa na ulemavu kamili kwa miaka 10 mfululizo kabla ya kufa. Chukua mke aliyeacha kazi ili amwogeshe, amlishe na kumgeuza mumewe kitandani kwa miaka tisa. Mume akifa kwa moyo kabla mwaka wa kumi haujatimia, mke huyo hurudishwa mwanzo wa safari ileile ya ushahidi, safari hii peke yake, akitafuta daktari wa kuandika kwamba majeraha ya zamani yalichangia kifo.

Miswada ya kulegeza kanuni hiyo imewahi kufikishwa bungeni, na ningependa fidia iongezeke hatua kwa hatua kuanzia mwaka wa tano wa ulemavu kamili. Lakini hata kabla ya hapo, idara inalo faili lote la marehemu, pamoja na vipimo na dawa zote ilizompa yenyewe. Mwenye ulemavu kamili anapofariki, idara ilifungue faili hilo bila kuombwa, ichukulie kwamba ulemavu ulichangia kifo hadi ushahidi ulio wazi uonyeshe vingine, na mjane adaiwe vyeti viwili tu, cha ndoa na cha kifo.