Fomu anajaza nani?

Jumanne asubuhi nimetoka zamu ya usiku, miguu imevimba, nimepanda basi pale Oxford Road, Reading, huku Uingereza, nikitaka kitu kimoja tu: kitanda. Vituo viwili mbele basi likasimama na halikuondoka tena. Jamaa mmoja, kifua wazi na baridi lile, amekumbatia nguzo ya mlangoni. Kulipa hataki, kukaa hataki, kushuka hataki. Anamtukana dereva mpaka na mama yake. Wakaja polisi wawili, mmoja mwanamke mfupi ambaye asingenifika begani. Akachomoa Taser, ile bastola ya njano ya shoti, akamwashia kimwanga chekundu kifuani. Nikajisemea haya, sasa tunakwenda nyumbani.

Wapi! Dakika 25 anambembeleza. Unaitwa nani? Umekula leo? Una ndugu karibu? Mkono umeshika silaha, mdomo unaongea kama nesi wa kliniki ya watoto. Mwisho yule jamaa akaanza kulia, akaachia nguzo, akashuka kwa miguu yake, akafunikwa blanketi. Blanketi! Shoti hata moja haikupigwa.

Sasa niwaambie ukweli, na aibu yangu mniachie mwenyewe. Kwenye dakika ya kumi hivi, rohoni nilikuwa nasema: mpigeni tu, tumechoka. Tena kwa Kiswahili. Nikashtuka, maana maneno hayo nayajua yalikotoka. Juni 2013, Pinda, Waziri Mkuu wa Tanzania wakati huo, ndani ya Bunge, kuhusu wanaokaidi polisi: wapigwe tu. Nakumbuka nilivyolaani siku ile mbele ya televisheni ya jirani, Mwananyamala, mpaka mama akaniambia nipunguze sauti. Leo basi limechelewa dakika 25 na mimi nimegeuka Pinda.

Kilichonikera kilikuja usiku wake, kazini. Nawahadithia wenzangu kwenye chumba cha chai, nikidhani watasifu subira ya yule dada. Wakaanza kubishana kama ilikuwa haki kuichomoa ile Taser. Kuichomoa tu! Mtu hakuguswa, amepewa na blanketi, wao wanauliza kwa nini ilitoka kwenye mfuko wake. Mmoja akasema lazima ameandikia maelezo. Nikamuuliza, maelezo ya nini wakati hakupiga? Akaniangalia kama nimeuliza kwa nini tunanawa mikono.

Kumbe huku polisi akiitoa ile kitu, akikuelekezea, akikuwashia ule mwanga, hata asipofyatua, anajaza fomu. Tangu 2017 hata pingu wanaziandikia. Wapi, kwa nini, uliyemfanyia ni mtu wa namna gani. Na ni kwenye fomu hizo hizo ndiko inakoonekana kwamba sisi weusi tunaelekezewa Taser kupita kiasi cha idadi yetu. Hesabu hiyo haipendezi hata kidogo. Ila ni hesabu yao, kwa mwandiko wao, na mtu anaweza kuwasomea usoni.

Msinielewe vibaya, malaika hawapo. Waliokuwa wakifuata Aston Villa miaka ya 90 mtamkumbuka Dalian Atkinson. Agosti 2016, Telford, nje ya nyumba aliyokulia, polisi alimpiga shoti sekunde 33. Kifyatuo kikibonyezwa mara moja mashine inatoa sekunde 5 halafu inakata yenyewe. Huyu alikaza kidole. Kisha akampiga mateke ya kichwa. Atkinson akafa. Polisi akala miaka 8, lakini hukumu ilikuja 2021, miaka mitano familia inasubiri. Na Australia, Mei 2023, bibi wa miaka 95, ndani ya nyumba ya wazee, anatembea kwa kushikilia fremu, ana kisu cha nyama mkononi, polisi akamfyatulia. Akaanguka, akapasuka kichwa, akafa. Mahakama ilimkuta askari na hatia ya kuua bila kukusudia, halafu hakwenda jela. Hiyo inaniuma kwa namna yake, maana kutunza wazee ndiyo kazi yangu. Bibi wa 95 mwenye fremu namkimbilia kila usiku. Wengine wananirushia vikombe, na mmoja aliwahi kunishikia uma. Unamwacha, unazima taa kubwa, unarudi baada ya robo saa na chai.

Basi nikaweka habari ya basi kwenye kundi la familia. Ningejua ningelala. Binamu yangu wa Tandika, Dar, akaja mbio: hizo ndizo tunazohitaji huku, polisi wetu wana virungu na risasi tu, katikati hakuna kitu. Mdogo wangu wa bodaboda naye akatuma sauti, pikipiki inanguruma nyuma: "Dada, bora shoti. Shoti sekunde tano unaamka. Kirungu mimi nakijua." Shangazi akamaliza: ingekuwa shoti, yule binti wa chuo aliyeuawa kwa risasi ndani ya daladala Kinondoni, Februari 2018, polisi wakitawanya maandamano, angekuwa hai leo, pengine na watoto.

Hapo nilinyamaza kidogo. Shangazi akisema jambo kwa upole namna ile, huna pa kushika.

Lakini si kweli, shangazi, na nakuambia kwa heshima. Ile mashine inarusha mishale miwili yenye nyaya nyembamba, inafika mita saba hivi. Ni ya mtu mmoja aliye mbele yako. Maandamano hayapigwi Taser. Siku ya maandamano gari la maji ya kuwasha litakuja kama kawaida, mabomu ya machozi yatakuja na bunduki zitakuja. Taser itatumika siku za kawaida: kwa konda aliyejibu vibaya, machinga aliyekumbatia meza yake, kijana wa bodaboda aliyeuliza kosa langu nini. Hao leo angalau wanajibizana na askari dakika mbili tatu kabla ya kofi. Hizo dakika mbili tatu ndizo zitakazoondoka.

Na hili neno "haiui" tumeshauziwa. Bomu la machozi nalo haliui, na Septemba 2012 pale Nyololo lilimuua mwandishi Daudi Mwangosi. Shoti inakakamaza misuli, mtu anakwenda chini mzima mzima kama gunia, mikono haimsaidii. Mwangushe hivyo pembeni ya mtaro wa Manzese, uone kama kitakachomuua ni umeme au ule ukingo wa zege. Mpige mwenye petroli mwilini, anaweza kuwaka. Halafu huku wakati wa baridi inashindwa mara nyingi, makoti mazito, mshale haufiki kwenye ngozi. Dar, mtu na fulana ya Simba iliyolowa jasho, anaipata yote.

Najua mnaandika nini huko. Kala mkate wa siagi, kasahau. Kaenda kuosha vizee vya kizungu, leo anatufundisha ulinzi. Ndiyo, naosha, na ada za shule mnazipokea bila kuuliza zimeoshwa wapi. Na kusahau nisahau vipi? FFU, wale polisi wa kutuliza ghasia, wakiingia mtaani mama alikuwa anatulowekea kanga kwenye ndoo tufunike pua, sisi tunacheka, tunadhani ni mchezo wa kujificha.

Tena msidhani nasema kubembeleza kumevumbuliwa Reading. Palikuwa na kijana mtaani kwetu, akili zikimruka anatoka na panga, watu wanafunga milango. Mama mmoja muuza vitumbua hakuwa anafunga. "Njoo baba, vinapoa. Na hilo panga weka chini, unanichafulia benchi." Kijana anaweka. Anakula vinne, hadaiwi. Nimeona kwa macho yangu zaidi ya mara moja. Na polisi walikuwa wanakunywa chai kwenye benchi hilo hilo kila asubuhi! Sijui walikuwa wanaangalia wapi. Yule dada wa Reading amelipiwa mafunzo kujua anachokijua muuza vitumbua bure, na bado Waingereza wanamhoji kwa nini alichomoa. Kuna siku wananichosha. Kuna siku nawaonea wivu mpaka nasikia tumbo.

Mdogo wangu nilimpigia pembeni, maana la kirungu halisemwi kundini. Miaka kadhaa nyuma walimshusha kwenye pikipiki usiku, akauliza kosa, wakamjibu kwa virungu. Mkono ukavunjika. Hospitali wakasema leta PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. PF3 inatoka kituoni. Kituo cha karibu ndicho walikotoka wale wale. Akaenda, mkono amefunga kwa shati, akasimama kaunta. Askari wa zamu akachukua kalamu, hata hakuinua uso: "Umepigwa na nani?"

Akajibu: "Nimeanguka na pikipiki."

Ikaandikwa hivyo. Karatasi ninayo picha yake, mama aliitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi zetu za kliniki. Ajali ya pikipiki. Ukiwahesabu majeruhi wa bodaboda wa mwaka ule, mdogo wangu yumo.

Ndiyo maana nikamwambia: huku anayejaza fomu ni aliyeshika silaha, huko anayejaza ni aliyevunjika mkono, na anaijazia uongo ili atibiwe. Wakikupa shoti badala ya kirungu pengine hutavunjika, sawa, utabaki na vidoti viwili vya mishale. Wakikugusisha tu ile mashine mwilini bila mishale, nayo inaweza, utabaki na alama ndogo kama umeng'atwa na mdudu. Sasa utaenda kuomba PF3 ya nini? Daktari atashona wapi?

Akakaa kimya. Nikasikia honi za kituo cha Morocco, na mtu anamuuliza Kinondoni shilingi ngapi.

"Dada," akasema, "hayo makoti yenu mazito yanauzwaje?"

Nikamwambia atakufa kwa joto kabla polisi hajamfikia. Akasema nimtumie hivyo hivyo, namba ya mwili wake naijua.