Mstari Mwekundu Haufiki Darasani

Katika shule nyingi za msingi za vijijini nchini Tanzania, siku ya mwalimu huanza na daftari la mahudhurio. Huandika jina, saa na sahihi. Muda ukipita, mwalimu mkuu huchora mstari mwekundu, na atakayesaini chini yake amechelewa. Mjadala wetu wa maadili ya ualimu umezoea kukomea kwenye mstari huo. Mtumishi wa umma asiyeonekana kazini kwa zaidi ya siku 5 bila ruhusa anaweza kufukuzwa, na utoro ndio kosa linalotajwa zaidi katika mashauri ya Tume ya Utumishi wa Walimu, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2015.

Wanaotaka ukali wana hoja nzito. Mtoto wa mjini mwalimu wake akitega, mzazi hulipia twisheni. Mtoto wa kijijini, ambaye pengine hata Kiswahili amekikuta shuleni, asipofundishwa na mwalimu huyo hana mwingine. Kipindi kinachopotea kisiwani Ukerewe kina hasara kubwa kuliko kinachopotea Kinondoni, jijini Dar es Salaam, hata kama vyote ni vya dakika 40.

Wanaowatetea walimu nao hawasemi ovyo. Nimewahi kukaa kwa muda katika shule yenye madarasa saba na walimu wanne. Hata wote wangekuwa malaika, kila kipindi madarasa matatu yangebaki bila mtu. Mmoja akisafiri kwenda makao makuu ya wilaya kufuatilia malimbikizo yake ya mshahara, yanakuwa manne, na safari hiyo wakati wa masika haiishi kwa siku moja. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, watoto wameandikishwa kwa wingi kuliko walimu walivyoajiriwa, na ule uwiano unaotakiwa wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 ukabaki kwenye makaratasi. Mwalimu aliyepanga chumba mbali kwa kukosa nyumba ya shule, akachelewa kwa sababu mto umejaa, si haki kumweka kapu moja na mzembe. (Yako makosa ambayo shida yoyote haiyaelezi, kama mwalimu kumgeuza mwanafunzi wake mpenzi, hapo sina cha kupima.)

Hata hivyo, utetezi huo hubebeshwa mzigo usio wake. Unaeleza vizuri yale madarasa matatu yasiyo na mtu, lakini hauelezi darasa ambalo mwalimu wake yupo shuleni na haingii. Asubuhi moja, kipindi cha tatu, walimu wawili wa shule ile walikuwa chini ya mwembe wakizungumza, huku kiranja wa darasa la tano akiwanakilishia wenzake maswali ubaoni. Wote wawili walikuwa wamesaini juu ya mstari, na maandalio yao ya somo yalikuwa yamepitiwa na mwalimu mkuu. Kwa kumbukumbu za shule, siku ile haikuwa na kosa lolote.

Hapo ndipo ninapotofautiana na pande zote mbili. Kanuni zetu humnasa kwa urahisi mwalimu asiyekuwepo, ambaye mara nyingi ana sababu ya kusikilizwa, na humwacha yule aliyepo asiyefundisha, ambaye uamuzi wa kuingia darasani ulikuwa mikononi mwake. Afisa elimu kata akifika na pikipiki yake, huanza kwa kuomba daftari la mahudhurio, kwa kuwa ndilo linalojaza taarifa yake upesi. Madaftari ya watoto huchukua muda kupekuliwa.

Siku ile niliomba daftari la hisabati la mtoto mmoja wa darasa la tano. Kurasa zilikuwa zimejaa, mwandiko safi. Vema ya mwisho ya kalamu nyekundu ilikuwa ya wiki tatu nyuma.