Mitihani isiwe sababu ya kulifunga faili la mama

Mwanafunzi wa sheria mwenye saa nzima ya kumsikiliza mtu anaweza kumfaa kuliko wakili mwenye dakika tano. Nayasema haya kwa sababu nimekaa sana kwenye kliniki za ushauri wa sheria wa bure hapa Kampala, nikiwatafsiria wanaofika na makaratasi ya Kiingereza, wengi wao familia za Kikongo. Vijana wanaojitolea pale nawapenda kwa moyo wote, na ndiyo maana nina neno na vyuo vyao.

Kwanza niwasifu. Siku moja alikuja mama mmoja aliyekulia kwenye kambi ya jeshi, Kiswahili chake kimenyooka. Alikuwa amekopa pesa za kuongeza mtaji wa genge lake, na mkopeshaji sasa anamwambia ahame. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, muhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya kijiji, umeshaanza kufifia. Binti wa mwaka wa tatu akaisoma yote taratibu, kisha akarudi mstari wa tatu, akaweka kidole.

"Mama, hapa hapajaandikwa kwamba umekopa. Pameandikwa kwamba umeuza kibanja chako."

Mama akasema yeye alikopa tu, hakuuza kitu. Binti hakukimbilia vifungu vya sheria. Akauliza: mnalala hapo hapo kwenye kibanja? Baba watoto alisaini? Nani walikuwepo? Pesa ulipewa mkononi au zilipita kwenye simu, na ujumbe wake bado unao? Swali la baba watoto ndilo lililofungua njia, maana Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inataka ridhaa ya mwenzi kabla ardhi ambayo familia inaishi juu yake haijauzwa. Baba hakusaini popote. Wakili msimamizi akaitwa, akayapitia maelezo, na barua ya kwanza kwa mkopeshaji ikaandikwa siku hiyo hiyo.

Wakili aliyebanwa angesikia "deni", akamwambia mama alipe. Maswali yale yalitaka mtu asiye na haraka.

Na mambo mengi yanayowaliza watu wetu ni ya namna hiyo, yanatibika mapema yakipata mtu wa kuyaeleza. Bondi ya polisi, yaani dhamana ya kituoni, ni bure, lakini bado kuna ndugu wanaouza mbuzi ili kaka yao atoke mahabusu ya polisi. Katiba inasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Deni lisilozidi shilingi milioni 10 unaweza kulidai kwa utaratibu wa madai madogo bila kuweka wakili. Mjane anayeambiwa na mashemeji afungashe virago anayo sheria ya urithi iliyorekebishwa mwaka 2022: mumewe akifa bila wosia, yeye ana asilimia 20 ya mali, watoto wana 75, na nyumba aliyokuwa akiishi na marehemu inalindwa. Mwanafunzi aliyesoma vizuri anaweza kuyaeleza haya yote chini ya mwembe. Serikali yenyewe inalazimika kumwekea mtu wakili pale tu anaposhtakiwa kosa la kunyongwa au kifungo cha maisha. Mwenye kesi ya shamba, deni au urithi atajijua.

Kazi hii si ngeni kwetu. FIDA Uganda, chama cha wanawake mawakili, ilianza mwaka 1974, mradi wa msaada wa kisheria wa chama cha mawakili mwaka 1992, kliniki ya LDC, chuo kinachowaandaa mawakili, mwaka 1998, na ya Chuo Kikuu cha Makerere, iitwayo PILAC, mwaka 2012. Uzoefu upo wa kutosha, kwa hiyo ninalolidai linawezekana.

Linaloniuma ni kalenda ya chuo. Mitihani ikikaribia, meza zinabaki tupu. Mama anarudi na karatasi yake, anakuta wanafunzi wapya au hakuti mtu kabisa, faili halionekani, anaambiwa aanze upya kueleza. Nimewaona watu wakieleza msiba wao mara ya tatu kwa sura ya tatu, na mara ya nne hawaji. Mahakama nayo haisubiri muhula ufunguliwe. Aliyepelekewa samansi, yaani wito wa mahakama, ya kesi ya madai ana siku 15 tu za kuwasilisha utetezi wake. Mitihani na likizo vinazimeza siku hizo zote, na hukumu inaweza kutoka yeye hayupo.

Siwalaumu wanafunzi. Wanajilipia taksi, wanashinda na njaa, wengine wanatoa vocha zao kuwapigia wateja. Mzigo huu ni wa chuo. Kila faili liwe na jina la wakili anayebaki nalo hata wanafunzi wakiondoka, na anayeondoka akae na anayeingia, mteja akiwepo, wakabidhiane: tumefika hapa, tarehe inayofuata ni hii, karatasi halisi anayo mwenyewe. Saa za kliniki zihesabiwe kwenye alama za masomo. Wapo wanaosema kujitolea kukipewa alama hakuwi kujitolea tena. Mimi naona mjane hajali kama binti anayemsaidia atapata alama. Anachotaka ni kumkuta wiki ijayo.

Kiswahili nacho ni lugha rasmi ya pili nchini tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, lakini sijaona kliniki nyingi zenye fomu hata moja ya Kiswahili. Mkimbizi anasaini maelezo yake bila kuyasoma, ilhali ni huko kusaini bila kusoma kunakowaleta wengi kliniki. Kutafsiri fomu ya kurasa mbili ni kazi ya jioni moja, na nipo tayari kuifanya bila malipo.

Wanaokosekana zaidi ni mawakili wa kukaa nyuma ya meza hizo. Mwanafunzi hawezi kutoa ushauri peke yake, na hata wale wa LDC wanaoruhusiwa kusimama mbele ya hakimu kwa niaba ya maskini husimama chini ya wakili. Kanuni zinamtaka kila wakili atoe saa 40 za huduma ya bure kwa mwaka. Hizo ni Jumamosi kumi, saa nne kila moja. Wakili unayesoma hapa, zilete Desemba na Mei, wakati vijana wako kwenye mitihani.