Marehemu Mwenye Vikao

Nilipoondoka Tanga mama aliniusia mambo matatu: nisiache kuswali, nisioe bila kumwambia, na nisijiingize kwenye vyama vya watu. La kwanza najitahidi. La pili niliteleza, tukaombana radhi. La tatu ndilo limenifikisha hapa, saa nane usiku, niko jikoni kwangu mjini Kilmarnock, Uskoti, nahesabu sarafu za bahati nasibu za klabu ya mtu aliyekufa mwaka 1796.

Mtu mwenyewe ni Robert Burns, mshairi wa Waskoti. Mimi sina ugomvi naye. Alizaliwa kwenye kibanda cha udongo na makuti ya huku pale Alloway, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka kwangu, akalima, akapenda, akaandika, akafa akiwa na miaka 37. Ugomvi wangu ni na ratiba yake. Walio hai wote ninaowafahamu, ukijumlisha na meneja wangu wa ghala la maboksi, hawanipi kazi nusu ya anayonipa marehemu huyu.

Januari kuna chakula chake cha kuzaliwa. Februari unawafuata waliokula bila kulipa. Machi mkutano mkuu. Kisha watoto wa shule wanakuja kushindana kughani, na wewe ndiye wa kupanga viti na kufuta machozi ya walioshindwa. Tarehe 21 Julai ni siku aliyofariki, shada la maua. Vuli ikiingia kuna mkutano wa mwaka wa Shirikisho lenyewe la dunia, lililoundwa hapahapa Kilmarnock mwaka 1885, ambalo lina klabu hata huko ambako haggis, chakula cha karamu hizi, ingeharibika njiani. Ukimaliza hapo unapumua wiki mbili, halafu mtu anauliza, "Ukumbi wa Januari mmeshalipia?"

Niliingiaje? Kwa tamaa ya chakula. Jirani yangu, mzee mmoja ninayemtolea pipa la taka kila Jumanne, aliniambia kuna karamu ya mshairi na angefurahi nikienda naye. Nikadhani nimealikwa. Kumbe huku kualikwa ni kuelezwa tiketi zinapouzwa. Nikatoa pauni 40 mkono unatetemeka. Mtanzania ninajua kadi ya mchango, sikatai, lakini kwetu ukishachanga angalau unamwona bwana harusi.

Nikajiuliza nivae nini. Mzee akaniambia, "Vaa vazi la kwenu." Nikatoa kanzu ya Idi, nyeupe, imepigwa pasi mpaka unaweza kujikatia mkate. Nafika ukumbini nakuta wanaume wazima wamevaa sketi za mirabamiraba, wamechomeka visu kwenye soksi. Nikatulia. Mwenye kanzu na mwenye sketi hakuna wa kumcheka mwenzake.

Basi ikasomwa dua ya kabla ya kula. Nawasifu kwa hilo: kuna wenye chakula wasioweza kula, kuna wanaoweza kula wasio na chakula, sisi tunacho na tunaweza, tumshukuru Mungu. Imekwisha. Ningeomba ipelekwe kwa shehe wetu wa mtaa, anayeanza dua pilau likiwa la moto.

Mara mlango ukafunguliwa, ukaingia msafara. Mbele mpiga zumari, lile la mfuko, ambalo ni sawa na zumari tatu zilizogombania urithi. Nyuma yake mpishi kabeba sinia juu kwa mikono miwili, na nyuma ya mpishi mtu wa chupa. Ukumbi mzima tumesimama, tunapiga makofi ya taratibu kama tunampokea mkuu wa mkoa. Juu ya sinia kuna kitu cha mviringo, kijivu, kinafuka moshi. Nikanyoosha shingo. Ni utumbo! Wallahi, ni moyo, ini na mapafu ya kondoo, vimekatwakatwa, vikachanganywa na chenga za oti, vitunguu na mafuta, vikashindiliwa kwenye tumbo la kondoo na kuchemshwa. Ndiyo haggis.

Sasa utumbo mimi nimekulia. Kwetu Ngamiani unawekewa ndimu na pilipili, unakula, unatoka jasho, unakwenda zako. Hakuna anayeuhutubia. Huku anasimama mtu mbele yake na kuughania shairi la beti 8, ambalo Burns alilichapisha gazetini Edinburgh mwaka 1786. Anausifia sura yake! Anauita jemadari wa ukoo wote wa soseji! Na si kusoma kwenye karatasi, ni kichwani, kwa mikono na macho. Ukifika ubeti wa tatu, pale mkulima anapofuta kisu chake, jamaa naye akafuta kisu kwenye mkono wa koti, polepole, huku ananitazama mimi. Mimi na kanzu yangu tuko meza ya mbele. Akainua. Akachoma. Lile tumbo lilikuwa limejaa mvuke kama tairi la lori, likafanya *pfuuu*, na uzi wa mafuta ukaruka kwa ustadi juu ya chumvi, juu ya glasi ya mzee, ukatua kifuani pangu. Ukumbi ukashangilia. Mpaka leo lile doa lipo, na kila dobi ananiuliza ni mafuta ya nini, nami sina Kiingereza cha kumweleza.

Na sikuila hata hiyo. Nilishasema mimi nala halali, kwa hiyo nikaletewa haggis ya maharage na dengu. Yaani nimelipa pauni 40, nimechafuliwa na nyama, nimelishwa maharage. Kinywaji changu Irn-Bru, soda ya rangi ya chungwa inayong'aa kama taa ya fundi barabara. Bahati nasibu ilipochezeshwa, nani ameshinda chupa ya wiski? Nikairudisha kwa klabu, wakanipigia makofi wakidhani ni ukarimu.

Kisha akasimama mzungumzaji mkuu wa ile hotuba wanayoiita Kumbukumbu Isiyokufa. Jina limetulia, kwa sababu ilikwenda dakika 50 na haikuonyesha dalili ya kufa. Lakini ndani yake kulikuwa na mambo. Akasema karamu ya kwanza kabisa ilifanyika Alloway mwaka 1801, marafiki 9 wa marehemu, siku ya kutimia miaka mitano tangu afariki, wakala kichwa cha kondoo na hiyo haggis. Nikamwambia mzee, "Hiyo si karamu, hiyo ni hitima." Mwaka uliofuata watu wa Greenock wakafanya yao Januari, tarehe 29, wakiamini ndiyo siku aliyozaliwa. Walipokwenda kufukua daftari la parokia ya Ayr wakakuta kumbe ni tarehe 25. Nikacheka peke yangu. Klabu haijamaliza mwaka, imeshakosea tarehe ya mwenye shughuli. Nikajua hawa ni ndugu zangu.

Halafu akasema kwamba Burns, pamoja na umaarufu wake wote, kuanzia mwaka 1789 alikuwa mtu wa ushuru wa serikali. Mshairi wa mapenzi, mchana anapanda farasi, mara nyingi maili 30 au 40, kwenda kuchungulia mapipa ya watu. Hapo ndipo ulimi wangu uliponiponza. Niliropoka, kwa sauti, kwamba hata kwetu Tanga mshairi wetu mkuu alikuwa karani wa forodha, tangu 1926 mpaka 1944, na yeye pia anaitwa Robert. Shaaban Robert.

Ukumbi ukanyamaza. Kisu kikaanguka mahali. Kisha makofi, na bibi mmoja mwenye miwani ya mnyororo, ambaye baadaye nilimjua ni katibu, akachomoa kalamu kwenye nywele akaandika kitu. Mtu akiandika kitu baada ya wewe kusema, ondoka. Mimi nikabaki kusubiri kitindamlo.

Mwezi wa tatu mkutano mkuu. Sikwenda, nilikuwa zamu ya usiku. Nikatuma udhuru kwa adabu zote. Muhtasari ulipofika nikausoma kwenye basi: akidi imetimia, watu 11, kumbukumbu za mkutano uliopita zimethibitishwa, yatokanayo, mjadala kuhusu kuchanganya au kutochanganya viazi na tanipu, ile mboga ya mizizi, kwenye sahani moja, dakika 40, umeahirishwa, uchaguzi, mweka hazina mpya, mimi. Nimepita bila kupingwa. Mzungumzaji mkuu wa Januari ijayo, mimi tena, "atuletee mshairi wa ushuru wa Tanga". Mengineyo: hakuna. Mengineyo gani tena, wameshanimaliza!

Nikampigia mjomba Tanga anisaidie habari za Shaaban Robert, maana yeye ndiye msomi wa ukoo.

"Wanakulipa ngapi?" akaniuliza.

"Ninalipa mimi, mjomba. Ada ya mwaka pauni 15."

Kimya. Nikasikia kuku nyuma yake. "Unalipa, ili wakutume?"

"Ndiyo, mjomba."

"Mama yako yupo hapa. Nimpe simu?"

Nikakata.

Hotuba nikaitoa, sitaki kujisifu. Niliwaambia pia la Jamaika, kwa sababu nililisoma na likaninyima usingizi: mwaka 1786 huyu mtetezi wa wanyonge alishakubali kazi ya uhasibu kwenye shamba la watumwa Jamaika, pauni 30 kwa mwaka. Kilichomwokoa ni kitabu chake cha kwanza kuchapishwa hapa Kilmarnock mwezi Julai, nakala 612, kikanunuliwa kama maandazi, akabaki. Nilipolisema, meza tatu zilishikwa na kikohozi kwa wakati mmoja. Lakini wazee wawili walinifuata msalani kunishika mkono, na mmoja akasema lingepaswa kusemwa kila mwaka. Nikamwambia basi mwaka kesho aliseme yeye. Akakumbuka ana mgonjwa.

Sasa mwaka huo nilifanya kosa la kwenda na mama watoto.

Kwenye karamu hii mwanamume mmoja husimama kuwasifu wanawake, kwa maana ya kuwatania, kisha mwanamke mmoja hujibu. Jamaa wa kutania alikuwa fundi bomba, akasema ya kwake kuhusu wake na rimoti, watu wakacheka kwa heshima. Aliyetakiwa kujibu akawa na mafua. Katibu akaangaza macho. Mama watoto, mzaliwa wa Tanga, binti wa taarabu, aliyekuwa amejifunga kanga juu ya koti kwa baridi, akainuka kabla hajaombwa.

Sikujua kama amesoma. Kumbe vile vitabu nilivyokuwa naacha chooni alikuwa anavimaliza yeye.

"Mmemsifu sana mume," akaanza. "Nataka kumwuliza mke. Jean Armour alimzalia huyu watoto 9. Mwaka 1791 mume alizaa nje na mhudumu wa baa, na Jean mwenyewe akajifungua siku 9 baadaye. Yule wa nje akamchukua akamlea na wake. Tarehe 25 Julai 1796 mji mzima wa Dumfries ulitoka kumzika mshairi kwa ngoma na bunduki. Mke hakwenda. Alikuwa na uchungu, siku hiyohiyo anajifungua. Akabaki mjane miaka 38. Sasa nyinyi mna hitima ya Julai na sherehe ya Januari. Siku yake yeye mmepanga lini? Na vyombo vya leo anaosha nani?"

Akakaa. Nilitamani kuingia chini ya meza, ila palikuwa na sketi. Kisha meza ya wanawake ikalipuka. Walipiga sahani kwa vijiko. Katibu alilia mpaka miwani ikaanguka ndani ya tanipu. Fundi bomba alikwenda jikoni mwenyewe, akakunja mikono ya shati, na hakurudi mpaka wimbo wa kuagana, ule wa kushikana mikono kwenye duara. Nami huo nikauharibu, maana mikono huvushwa kifuani kwenye ubeti wa mwisho tu, mimi nikavusha wa kwanza, nikamfunga mzee jirani kama mzigo wa kuni.

Mnabashiri kilichofuata. Machi tukaenda wote, nikisema safari hii sikosi, nisije nikachaguliwa tena. Nikabaki mweka hazina. Mama watoto akapita makamu wa rais kwa kura zote, na kabla ya Krismasi rais akahamia kwa mwanawe Kanada.

Kwa hiyo usiku wa leo, karamu ya tatu, mke wangu alikaa meza kuu na mkufu wa urais shingoni, medali kubwa kama mfuniko wa sufuria. Alipitisha uamuzi wa viazi na tanipu kwa dakika mbili: kila mtu achanganye kwenye sahani yake, tuendelee. Kwenye kadi ya chakula aliongeza sambusa bila kikao chochote. Hata mimi ananiita "Mheshimiwa Mweka Hazina", na anataka risiti ya teksi.

Na ile chupa ya wiski. Mwaka jana nilishinda tena, ileile, niliitambua kwa lebo iliyochanika pembeni. Nikairudisha, lakini mara hii makofi yalikuwa machache, maana tiketi nauza mimi. Leo jukwaani, mbele ya watu 80, rais akaniamuru nichomoe namba. Nikatia mkono ndooni, nikachomoa, nikaifunua. 47. Nikapapasa mfuko wa kanzu ilipo ya kwangu. 47.

Mama watoto alikuwa ananitazama. Medali inametameta.

Nikaikunja, nikaisukumia kwenye mkono wa kanzu, nikasema, "Samahani, haisomeki," nikachomoa nyingine. Akashinda fundi bomba. Sasa nimehesabu sarafu mara nne, ziko sawa mpaka senti, na bado daftarini kuna safu ya tiketi zilizoharibika, nimeandika "1", na rais akiamka asubuhi ataniuliza iko wapi.